Dada Aliyezikwa Dukani

Oronza Leucci alipata habari za kifo chake mwenyewe Jumanne moja, saa nne asubuhi, mikono yake ikiwa imejaa gundi ya unga mpaka viwikoni. Nilikuwapo. Nimeishi naye ua mmoja hapa Lecce, kusini mwa Italia, miaka thelathini na miwili, mlango wangu unatazamana na wake, na asubuhi ile nilikuwa nimemletea kahawa ya barafu na maziwa ya lozi, maana Juni ilikuwa imeshaanza kuchoma.

Lakini kwanza mumjue.

Oronza anatengeneza sanamu za karatasi. Baba yake alikuwa kinyozi, na kama vinyozi wengi wa zamani wa mji huu, akikosa kichwa cha kunyoa alishika karatasi, waya na majani makavu, akatengeneza mtakatifu. Oronza aliiokota kazi ile sakafuni, katikati ya nywele za watu. Ukimuuliza siri yake atakuambia, "Ni karatasi na subira, basi." Anapinda waya uwe mifupa, anauvisha majani ya ngano na kuyakaza kwa kamba, kisha anamvika mtu wake nguo za karatasi iliyoloweshwa kwenye gundi ya unga, yenye mrututu kidogo ili wadudu wasile. Nguo zikikauka anachukua chuma chenye kichwa kama kijiko, kimewiva mpaka kimekuwa chekundu, anaichoma mikunjo mmoja baada ya mwingine mpaka ikaze. Moshi ule ndio harufu ya ua wetu. Uso na mikono anaifinyanga kwa udongo. Sanamu ndogo inamchukua wiki tatu. Kubwa, usimuulize.

Hakuolewa, na si kwamba hakuposwa. Mama yao alifariki Oronza akiwa na miaka ishirini na mdogo wake, Pompilia, miaka tisa. Kulikuwa na seremala mmoja wa Galatina aliyemsubiri miaka minne, mwishowe akachoka, akaoa kwingine. Oronza hakulalamika. Kila asubuhi alimsuka Pompilia nywele, akamfikisha shuleni, akaitwa na walimu kama mzazi, akamshonea gauni la komunyo ya kwanza. Ndiyo maana Pompilia hakumwita dada tu. Alimwita Dada Mama, hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Mmoja alijaliwa mikono, mwingine alijaliwa mdomo. Pompilia angeweza kumuuzia kinyozi nywele. Kwa hiyo alipofungua duka la zawadi karibu na uwanja wa kanisa kuu, hakuna aliyeshangaa: mkubwa atengeneze, mdogo auze. Na waliuza. Watu walitoka Bologna, Ujerumani, sijui wapi, wakazunguka mji siku mbili, na kabla ya kupanda treni waliingia kwa Pompilia kuchagua kitu cha kupeleka nyumbani. Waliochagua vizuri walichagua kazi ya Oronza. Chini ya kila sanamu aliandika jina lake kwa wino wa kahawia, ile herufi ya kwanza ikiwa na mkia.

Pompilia alipoolewa, Oronza alimpa zawadi ambayo hakuwahi kumtengenezea mtu mwingine. Alimtengeneza mama yao. Picha yake waliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, imefifia, kwa hiyo uso aliutafuta kichwani mwake majira ya baridi yote. Alimsimamisha akiwa amebeba ubao wa mikate kichwani, anatoka tanurini, na kope la jicho la kushoto limelegea kidogo, kama mtu anayeshikwa na usingizi huku anacheka. Ndivyo marehemu alivyokuwa, kwa maelezo yao. Nilimwambia atengeneze na ya kwake.

"Ya pili ya nini?" akanijibu. "Mama ni mmoja."

Miaka miwili iliyopita Pompilia alianza kumpunguzia dada yake kazi. Alikuja Jumapili na keki za krimu, akamshika dada yake vidole vilivyovimba viungo, akavibusu.

"Dada Mama, pumzika. Watu wa siku hizi wanataka sumaku za kubandika kwenye friji. Nikuue kwa nini kwa ajili ya watu wasiojua kitu?"

"Mbili tu kwa mwezi siziwezi?"

"Nitengenezee moja ukijisikia. Usipojisikia, acha. Mimi nipo."

Pompilia akishaondoka, Oronza aliniambia, "Unaona, Uccia? Nilimlea, sasa ananilea." Alifurahi kweli. Mimi nikaitikia.

Basi Jumanne ile bibi mmoja alibisha hodi kwenye mlango wa karakana. Alikuwa mrefu, amevaa kofia ya majani, ana kifurushi kifuani kama mtoto mchanga. Jina lake Nerina, mwalimu mstaafu wa Trieste, yuko safarini na rafiki zake wawili waliobaki wakinunua bakuli.

"Samahani. Muuza kahawa amenielekeza. Hapa ndipo kwa fundi anayetengeneza vilivyovunjika?"

"Ndipo. Ingia, usikanyage majani."

Bi Nerina alifungua kifurushi juu ya meza. Ilikuwa sanamu ya mwanamke aliyebeba ubao wa mikate. Ubao ulikuwa umekatika nusu.

"Mjukuu wangu alimpiga na mpira," akasema. "Nililia kama mjinga. Nikasema nikirudi tena huku nitatafuta mtu. Ningempeleka pale dukani nilikomnunua mwaka jana, lakini niliona haya."

"Haya ya nini?" Oronza aliuliza, akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa hajaitazama sawasawa.

"Kumkumbusha mwenye duka msiba wake. Aliyetengeneza hii ni dada yake. Amefariki, maskini, Mungu amlaze pema. Yule mama alilia mbele yangu mpaka nikashindwa la kusema. Dukani zilikuwa nyingi, lakini nilichagua hii kwa sababu ya jicho. Tazama jicho lake."

Oronza akatazama. Kisha akanyoosha mikono kuibeba, na mimi niliiona mikono ile ikishuka. Alikuwa ameitayarisha kubeba kitu chepesi kama mkate mkavu, akakutana na uzito wa jiwe. Akaipindua. Chini palikuwa na jina lake, na mkia wa herufi ya kwanza ulikuwa pale pale. Akachukua kisu kidogo, akakwaruza pale palipovunjika. Ndani hapakuwa na majani wala karatasi. Palikuwa peupe, laini, kama mshumaa. Plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu.

"Alikufa lini?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo dada wa mwenye duka."

"Majira ya baridi ya mwaka juzi, alivyosema. Kifua. Ni moshi wa kazi."

"Ndiyo," Oronza akasema. "Moshi unaua."

Nikafungua kinywa. Akanitazama mara moja, nikakifunga.

"Niachie, mwalimu. Urudi Jumatatu."

"Jumatatu ndiyo tunaondoka, nitapita asubuhi. Nikuulizie kwa jina gani?"

"Ulizia fundi tu."

Bi Nerina akatoka. Ile sanamu ilikuwa mezani inatutazama kwa jicho lake la usingizi. Nilidhani Oronza angelia, au angeitupa ukutani. Alinigeukia mimi.

"Uccia. Kila Ijumaa unapeleka mashuka ya hoteli, unapita mbele ya duka. Uliziona?"

Ningeweza kudanganya. Mimi ni mfuaji wa nguo za watu, nimeshaona madoa mengi na kuyanyamazia, ni sehemu ya kazi.

"Niliziona," nikasema.

"Ngapi?"

"Safu nzima. Dirishani."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka ya mwaka jana. Nilidhani mmepatana wenyewe. Nilidhani umekubali."

"Ulidhani." Akalirudia lile neno taratibu kama mtu anayeonja chumvi. "Miaka thelathini unaniona nakataa kutengeneza ya pili, halafu ukadhani."

Nikaokota glasi ya kahawa, nikarudi kwangu.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama kawaida. Jumatano simu yake ililia nikiwa naanika nguo, nikasikia sauti ya Pompilia ikitoka kwenye spika, tamu kama kawaida: "Dada Mama, umekula? Kumbuka dawa ya vidole." Oronza akajibu, "Nimekula." Akakata, akasimama katikati ya ua ameishika ile simu hata baada ya kioo chake kuzima.

Jumamosi alivaa gauni lake la kanisani na miwani ya jua. Akaniambia, "Twende. Nataka kuchagua zawadi."

Duka lilijaa. Bibi mmoja kutoka kaskazini alikuwa anapuliza filimbi ya udongo yenye umbo la bundi huku mumewe akimwambia, "Hiyo kwa mtoto wa Giuliana, atawatia wazimu, wamezoea ukimya." Wasichana wawili walikuwa wanabishana juu ya sahani zenye jogoo, ipi apewe jirani anayewamwagilia maua, ipi apewe mkwe. Na Pompilia alikuwa katikati yao, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, kajipodoa vizuri, ameshika sanamu ya mama yao mikononi. Ukutani nyuma yake, kwenye rafu tatu, zilikuwa zimepangwa nyingine kama hiyo. Mama yao mmoja, mara arubaini.

"Hizi siziuzi kwa kila mtu," Pompilia alikuwa anasema. "Namtazama mteja kwanza. Dada yangu alikuwa anachoma mikunjo hii, anakohoa, anachoma, anakohoa. Nikamwambia, dada, acha hii kazi. Akaniambia, nikiacha ndipo nitakapokufa. Na kweli..." Sauti ikakatika. Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, naapa. "Hizi ndizo za mwisho. Zikiisha zimeisha."

Bibi wa filimbi alikuwa ameweka mkono kifuani. "Pole sana, mama."

"Alizikwa wapi?" Oronza akauliza kutoka nyuma ya watu.

"Hapa hapa mjini, mama yangu, pamoja na wazazi we..." Pompilia akageuka.

Nimeuona uso wa mtu aliyeona nyoka ndani ya kapu la nguo. Haukuzidi ule.

"Mimi ni mteja," Oronza akawaambia watu, akivua miwani. "Nachagua zawadi kama nyinyi." Akaichukua sanamu kutoka mikononi mwa mdogo wake, akaipimapima. "Mbona nzito? Karatasi gani hii yenye uzito wa tofali?"

"Dada Mama, twende huku nyuma tuongee."

"Dada yako si amekufa? Unamwita nani?"

Mume wa yule bibi alimtazama Oronza, akaitazama sanamu chini, akalitazama jina. Sijui alielewa kiasi gani. Alimtoa mkewe filimbi mkononi, akairudisha mezani polepole, akasema, "Twende, mama." Wale wasichana wakawafuata bila sahani. Pompilia akafunga mlango, akageuza kibao kisomeke Tumefunga.

"Si unavyodhani," akaanza.

"Sijadhani kitu. Nimesikia."

"Ulikuwa unanipa moja kwa mwezi! Mteja anaingia anataka ya Leucci, namwambia njoo Krismasi? Kodi ya hapa unaijua? Nikaona nichukue kalibu ya ile moja tu, wengi wanafanya. Nilikuwa nataka kukuambia."

"Na kifo?"

Pompilia akakaa kwenye ngazi ya kufikia rafu. Alianza kulia tena, safari hii bila ustadi.

"Kulikuwa na mama mmoja Mfaransa. Alitaka aje akuone unavyofanya kazi. Angekuja pale, angekuta hufanyi hizi. Nikashikwa. Nikasema umefariki, lilinitoka tu mdomoni. Akanunua mbili palepale. Wa pili akaniuliza, nikamwambia vilevile. Baadaye nikawa nasema bila kufikiri. Dada Mama, nikikulilia nakulilia kweli, ninakuona kabisa ndani ya jeneza. Nikifika nyumbani nakupigia simu nisikie sauti yako."

Mimi nilitazama chini. Ni kweli alipiga simu kila siku, na ndicho kilichoniumiza zaidi kukisikia.

"Ile yangu iko wapi?" Oronza akauliza. "Niliyokupa ulipoolewa."

Pompilia akazitazama rafu.

"Mama yuko wapi, Pompilia?"

"Niliuza."

"Sijasikia."

"Niliiuza. Kwa bwana mmoja wa Torino, alikuwa anamchagulia mkewe zawadi. Aliiona mezani nilipotoka kuchukua kalibu. Alisisitiza. Nilifikiri, kwa kuwa kalibu ninayo..."

"Jina lake?"

"Sikuandika."

Oronza hakumpiga, na wala hakupaza sauti. Alizishusha sanamu zote kutoka kwenye rafu, mbili mbili, nikamsaidia. Kisha akakaa sakafuni na gauni lake la kanisani, akatoa kile kisu kidogo kwenye mkoba, akaanza kukwaruza jina lake. Moja baada ya nyingine aliilaza mapajani kifudifudi, akaikwaruza mpaka pawe peupe, akaisimamisha pembeni. Vidole vyake vilikuwa vinamuuma, nilijua. Nilipotaka kupokea kisu akasema, "Wewe tazama tu, umezoea." Pompilia alisimama amejiegemeza mlangoni, anasema, "Dada, basi. Dada, tafadhali." Kengele ya saa sita ilitukuta bado tupo. Alipomaliza aliinuka kwa kushika kaunta.

"Haya, uza," akasema. "Za kwako hizo."

Jumatatu Bi Nerina alirudi. Oronza alikuwa ameutengeneza upya ule ubao kwa karatasi ya kweli na mikate yake. Akamwambia ukweli wote kwa maneno machache: "Aliyekufa ni mimi, na hii si kazi yangu, ubao tu ndio wangu." Mwalimu yule alikaa kwenye mfuko wa majani kwa mshtuko. Aliomba radhi kana kwamba ni yeye aliyeua. Oronza akamwambia achague kitu rafuni, chochote, bure, asirudi Trieste na uongo. Akachagua mchungaji mdogo aliyebeba mwanakondoo, akamgeuza huku na huku, akashangaa wepesi wake. Kisha akasita mlangoni.

"Fundi, usinichukie. Naomba nimchukue na yule mwingine pia. Nimezoea kumwona jikoni kwangu asubuhi."

Oronza alimfungia kwenye gazeti mwenyewe. Nadhani siku ile ndiyo aliyovunjika, si Jumamosi.

Pompilia ametuma watu. Kwanza mumewe, halafu padri, halafu binti yake mkubwa, ambaye Oronza alimpokea, akamlisha, akaongea naye habari za masomo mpaka msichana akaondoka bila kutaja kilichomleta. Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Oronzo, siku ya jina lake, Pompilia alikuja mwenyewe na boksi la keki. Alibisha kwa muda mrefu. Ua mzima ulikuwa madirishani. Nilimwendea Oronza kwa mlango wa nyuma, nikamwambia, "Ni damu yako. Mfungulie, hata kama ni kumtukana tu."

"Mwambie marehemu hafungui milango."

Nilikwenda nikamwambia Pompilia kuwa dada yake amelala. Aliniachia boksi. Keki zile hakuna aliyezila.

Duka bado lipo. Pompilia anauza sahani, filimbi, sumaku, na zile sanamu pia, zisizo na jina, kwa bei ndogo. Nasikia zinatoka. Oronza sasa anaacha mlango wa karakana wazi, na wageni wanaopotea njia wanaingia, wanachagua sanamu, wanaambiwa wazipime kwa mkono kwanza kabla ya kuuliza bei. Haishi vibaya.

Lakini alijaribu kumtengeneza mama tena. Alijaribu mara nne, kati ya Oktoba na Januari. Mara ya nne nilimkuta ameuweka uso wa udongo mbele ya dirisha, anautazama.

"Ndiye," nikasema. Nilitaka kumpa moyo. "Ndiye kabisa."

"Ndiye yule wa plastiki," akasema. "Nikifumba macho namwona yule wa rafuni. Nilimtazama mara arubaini asubuhi ile. Sikumbuki tena kama kope lilikuwa hivi, au nililitia mimi, au ni kalibu iliyolitia." Akaubonyeza uso ule kwa kiganja, akaurudisha kwenye ndoo ya udongo.

Sasa ana agizo la kanisa moja la Nardò, malaika wawili wakubwa, na kazi inakwenda. Tunaonana kila siku, kuta zetu ni zile zile. Ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za mgongo wangu, nami namwuliza habari za vidole vyake. Tunaongea juu ya joto na bei ya nyanya. Mambo yake ya moyoni hanisimulii tena.